Mto Huchimba, Hubeba, Hutua: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Mito ya Nairobi

Nilifundisha jiografia katika shule za upili hapa Nairobi kwa miaka mingi, na siku hizi Jumamosi moja kila mwezi huwatembeza wanafunzi, wazazi wao na majirani kando ya mito yetu. Tunaanza asubuhi kabla jua halijakolea, na kabla hatujafika daraja la kwanza maswali yamekwisha kuanza. Mengi hurudi kila mwezi. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, yakiwemo mawili matatu ambayo huulizwa kwa sauti ya chini tukiwa tumebaki nyuma ya kundi, kwa kawaida na mtu aliyekwisha kulipia ploti.

Mwalimu, mto hufanya nini zaidi ya kupitisha maji?

Mtazame mvuta mkokoteni wa Marikiti. Barabara ikiteremka, hukimbia na magunia yote na kelele juu. Akifika tambarare, mwendo hupungua. Nguvu zikimwishia kabisa, hushusha gunia kando ya barabara, na hataanza na lile jepesi. Mto ni hivyo hivyo. Nguvu yake hutokana na wingi wa maji na ukali wa mteremko. Nguvu ikiwa nyingi, mto huchimba sakafu na kingo zake na kuondoka na ulichochimba. Huo ndio mmomonyoko. Ikipungua, hutua mzigo: mawe kwanza, kisha changarawe, mchanga, na mwisho tope laini. Mzigo uliotuliwa tunauita mashapo.

Kosa ninaloliona kwenye madaftari ya wanafunzi ni kudhani kwamba mto huchimba huku juu na kutua kule chini basi. Mto huchimba na kutua mahali pamoja, siku moja, hata kwenye kona moja.

Maji ni laini. Yanakataje mwamba?

Maji matupu yana nguvu yake: hujipenyeza kwenye nyufa, husukuma, hung'oa kipande kilicholegea. Lakini fundi hasa ni mchanga unaobebwa ndani ya maji. Msasa bila chembe zake ni karatasi tu. Mto unaopitisha changarawe juu ya mwamba kila msimu wa mvua unausugua mwamba huo kama fundi mbao anavyosugua meza. Jiwe likinaswa kwenye kishimo na maji yakalizungusha hapo mvua baada ya mvua, hutoboa mwamba na kuacha tundu la mviringo kama chungu. Ukiingiza mkono ndani utakuta mawe madogo yaliyofanya kazi hiyo, na yenyewe yamekuwa laini kama yai kwa sababu ya kugongana. Ndiyo maana jiwe la mtoni huwa la mviringo, na kokoto za kujengea zilizotoka kwenye mashine ya kuponda mawe huwa na kingo za kukata mkono.

Kuna pia kuyeyusha, hasa penye mawe ya chokaa. Nairobi iko juu ya miamba ya volkeno, kwa hiyo hapa kuyeyusha ni kazi ndogo isiyoonekana kwa macho.

Kwa nini karibu mito yote ya Nairobi inaelekea mashariki?

Kwa sababu jiji lote limeinama upande huo. Magharibi yetu ni bega la Bonde la Ufa. Volkeno za zamani zilimwaga tabaka juu ya tabaka la lava na majivu, na uso wa tabaka hizo unashuka taratibu kuelekea mashariki. Kikuyu, ambako Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya jiji ni karibu mita 1,700, na ukifika Ruai umeshuka zaidi. Maji hufuata mkondo, na mkondo hufuata mteremko.

Ukitaka kuielewa Nairobi, panda matatu kutoka Wangige hadi Embakasi na uangalie nje badala ya simu. Upande wa Kiambu na Kabete barabara hupanda na kushuka, kilima na bonde, kilima na bonde. Yale mabonde ni mito: vijito vilivyoteremka sambamba vikakata majivu ya volkeno, ambayo ni laini kiasi, na kuacha migongo mirefu ya ardhi katikati. Wakikuyu walijenga maisha yao kwa mpango huo, kila mgongo na ukoo wake, mto ukiwa mpaka. Hapo mto unachimba chini kuliko unavyochimba pembeni, ndiyo maana bonde lina umbo la herufi V.

Ukivuka katikati ya jiji, mambo hubadilika. Mteremko unalegea na mito inapoteza kasi. Mto Nairobi, Mathare na Ngong hazina tena haraka, zinajipinda, na mzigo zilioubeba kutoka juu huanza kutua. Ardhi ya namna hiyo huwa tambarare na yenye majimaji. Reli ilipofika hapa Mei 1899, wajenzi walipenda hiyo tambarare: mahali pa kuegesha vichwa vya treni na kupanga vifaa kabla ya kuukabili mpando wa magharibi. Maji yalikuwepo, jina lenyewe la Kimaasai, Enkare Nairobi, ni la maji baridi. Palikuwa pia na kinamasi, jambo ambalo madaktari wa wakati huo walililalamikia sana. Waliojenga kituo cha reli walichagua mahali ambapo mito hutua mizigo, kisha jiji likakua juu yake. Kila Aprili maji yakisimama barabarani, watu hulaumu mitaro, na mitaro ina makosa yake, lakini mahali penyewe palikuwa pa maji kabla hapajawa pa lami.

Na Bonde la Ufa? Lilichongwa na mto gani?

Hakuna mto. Bonde la Ufa lilitokana na ardhi kuvutwa pande mbili ikapasuka, na kipande cha katikati kikazama. Mito na maziwa vilikuja baadaye kama wapangaji.

Ila wapangaji hao nao wameacha alama. Nenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, ushuke kwenye korongo la Njorowa. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kuliko sasa, na maji yake yalifurika na kutokea upande wa kusini. Mkondo huo ndio ulioikata njia ile nyembamba yenye kuta ndefu. Ziwa likapungua, mkondo ukafa, korongo likabaki. Usiingie mvua ikinyesha, hata kama inanyesha mbali. Maji hushuka humo kwa ghafla na kuta hazina pa kupandia.

Maporomoko ya msitu wa Karura yalikujaje?

Mto ukikata tabaka za lava na majivu, hukutana na mgumu na mlaini. Mlaini huondoka upesi, mgumu hukaidi. Pale ambapo mwamba mgumu unakaa juu ya ule dhaifu, maji huruka na kuanguka, kisha huchimba dimbwi pale yanapoangukia na kula ukuta wa nyuma. Baada ya muda sehemu ya juu hukosa pa kukalia, inabomoka, na maporomoko yenyewe yanarudi nyuma hatua moja kuelekea chanzo. Kwa hiyo maporomoko husafiri, tena kinyume na maji.

Yale ya Karura si makubwa, ila ni ya kutembea kwa miguu kutoka mjini na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ukitaka mapana zaidi, nenda Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako Mto Athi unagawanyika juu ya mwamba na kuanguka kwa mistari mingi. Mto Nairobi umeshajiunga nao kabla ya kufika hapo. Lile povu jeupe unaloliona chini ya maporomoko si la kusifia. Sehemu yake tumelituma sisi kutoka Nairobi.

Mwalimu, nimepata ploti nzuri, bei ya kirafiki, karibu na mto. Kuna ubaya?

Hili ndilo swali la sauti ya chini. Bei huwa ya kirafiki kwa sababu.

Kabla ya kumwita fundi, nenda usimame kwenye kona ya mto. Kwenye kona maji hayaendi kwa kasi moja. Upande wa nje wa kona maji hukimbia na kina huwa kirefu, nayo hula ukingo kutoka chini hadi sehemu ya juu ikabaki imening'inia, kisha ikaanguka. Upande wa ndani maji ni ya polepole, na mchanga na tope hutua, ukapata ufuo mdogo wenye nyasi. Kona inazidi kujipinda mwaka hadi mwaka, nje ikiliwa, ndani ikijengwa.

Kwa hiyo uliza ploti yako iko upande gani. Ikiwa nje ya kona, tafuta dalili: miti iliyoinama kuelekea mtoni, mizizi iliyo wazi, nyufa ardhini zinazokwenda sambamba na ukingo, nguzo ya ua inayoning'inia hewani. Hiyo ardhi iko safarini. Ikiwa ndani ya kona, itaonekana tulivu na ya kuvutia, na wauzaji huipenda kwa sababu hiyo. Chimba futi mbili. Ukikuta mchanga, tope, mchanga, tope kama kurasa za kitabu, kila ukurasa ni siku ambayo mto ulilala hapo. Upande wa nje utapoteza ardhi. Upande wa ndani utapokea maji sebuleni.

Sheria za Kenya zinataka eneo la kingo za mto liachwe, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutegemea upana wa mto. Wengi hukosea pa kuanzia kupima. Kipimo huanzia kwenye alama ya juu kabisa ambayo maji ya mafuriko yamewahi kufika. Wao huenda Januari, wakati mto ni mkondo wa kuruka kwa hatua moja, wakaweka utepe kwenye maji. Kufikia Mei mto uko jikoni.

Kuna mwenye ploti mmoja, sitamtaja, aliyejenga ukuta mnene wa mawe upande wake wa kona. Ukuta ulisimama imara. Mvua mbili baadaye ukingo wa ng'ambo, kidogo kwenda chini, ukakatika na choo cha jirani kikaenda na maji. Nguvu ya mto ukiizuia hapa haipotei. Inamtafuta asiye na ukuta.

Kona ikijipinda sana, mwisho wake ni nini?

Mto hukata njia ya mkato. Shingo kati ya kona mbili huwa nyembamba hadi siku ya mafuriko maji yanaivuka moja kwa moja. Kona ya zamani hubaki pembeni kama kipande cha pete, mashapo huziba miisho yake, na unapata ziwa lenye umbo la upinde. Nairobi hatuna nafasi ya mambo hayo, majengo yamebana. Nenda Mto Tana, sehemu za chini, ukaone. Shakababo, karibu na Ngao, ni ziwa la namna hiyo, na wavuvi wa huko hujua kwamba mto ukifurika na kuingia ziwani, msimu utakuwa mzuri.

Kwa nini maji ya mto ni kahawia Aprili na karibu meusi Februari?

Kahawia ni udongo, hasa ule mwekundu wa mashamba na mabarabara ya juu, ambao wekundu wake ni kutu ya chuma. Weusi wa kiangazi ni maji taka yaliyoishiwa hewa, kwa kuwa hakuna maji safi ya kutosha ya kuyapunguza makali. Tafadhali msiruhusu watoto kuingia, hata kama wanakwambia ni mradi wa shule.

Mvua ni zile zile za zamani, mbona mafuriko sasa yanaua?

Mvua si zile zile kabisa, lakini tuseme zingekuwa. Bado mto wa leo ungekuwa tofauti, kwa sababu tumebadilisha ardhi inayoupa maji. Kileleshwa ya nyumba moja na bustani kubwa ilikuwa sifongo. Mvua iliingia ardhini na kufika mtoni polepole, nyingine siku kadhaa baadaye. Kileleshwa ya maghorofa na maegesho ya saruji ni sahani. Maji yote hufika mtoni kwa pamoja, ndani ya saa moja au mbili.

Mwendo wa maji ukiongezeka, nguvu yake haiongezeki kwa kiasi hicho hicho. Wataalamu wa mito wana kanuni ya kukadiria tangu karne ya 19: mwendo ukiwa mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa linaloweza kusukumwa huwa kama mara 64. Kwa hiyo kijito kinachovingirisha jiwe la kilo moja siku ya kawaida, kikienda mara mbili kinaweza kuanza kuchezea jiwe la kilo 60. Mafuriko ya saa tatu yanaweza kubadilisha mto kuliko miaka mitano ya utulivu. Watu hudhani mto huchonga ardhi kidogo kidogo kila siku, haba na haba. Sehemu kubwa ya kazi huisha katika siku chache mbaya.

Kuna jambo jingine. Maji yanayotoka kwenye paa na lami hayana udongo, yana njaa. Yakifika mtoni yanatafuta mzigo, nayo huupata kwenye sakafu ya mto na kingo zake. Ndiyo maana mabomba ya maji taka yaliyofukiwa miaka hiyo sasa yanaonekana yakivuka mto hewani kama madaraja ya paka.

Tukaongeza taka. Kalavati ikizibwa na plastiki, magodoro na matawi, maji hujikusanya nyuma yake, hutua mashapo na kupunguza nafasi zaidi, kisha kizuizi kikiachia, yanashuka yote kwa mkupuo. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya chini yake kuziba. Yalipopasua, watu zaidi ya 50 walikufa. Mwanzoni iliripotiwa kwamba ni bwawa limevunjika. Hapakuwa na bwawa lililojengwa na mtu yeyote; mawe, matope na takataka vililijenga. Majuma hayo hayo mtaa wa Mathare ulikuwa chini ya maji, na baada yake serikali ikaamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za kingo. Tingatinga zilifika kwa mabati ya maskini kwanza. Mto ulikuwa umegonga pia milango ya mitaa yenye mageti.

Udongo mweusi wa Embakasi uliletwa na mto?

Kwa sehemu kubwa, la. Ni udongo uliozaliwa pale pale, kutokana na kuoza kwa mwamba wa volkeno mahali ambapo maji hayatoki upesi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza simu. Kando kando ya mito utakuta kweli tope la mafuriko juu yake, lakini uwanda mzima haukumwagwa na mto. Buti langu la kushoto liko huko Njiru hadi leo, kwa hiyo nauheshimu.

Mchanga wa kujengea maghorofa yote haya hutoka mtoni gani?

Mwingi hutoka kwenye mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui. Mito hiyo hukauka miezi mingi, kisha hushuka kwa nguvu siku chache na kuacha sakafu nene ya mchanga safi, tope likiwa limekwenda mbele. Lori zinazoingia Nairobi alfajiri zimebeba kazi ya mafuriko ya mwaka jana.

Ukiuchukua wote, unachukua pia maji. Mchanga wa mto ni tangi: kati ya punje na punje kuna nafasi, na maji yaliyojificha humo hayachomwi na jua. Akina mama wa Ukambani wamechimba visima vya mchangani tangu enzi. Wahandisi wakaiga wazo hilo kwa mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta mfupi wa zege kukingama mto, mashapo yanajaa nyuma yake mvua baada ya mvua, na robo hadi theluthi ya ujazo huo inaweza kuwa maji. Hapo kutua kwa mashapo, ambako kwingine ni balaa, ndiko kunakotafutwa. Lori zikikomba mchanga hadi mwambani, mto hubaki mtaro. Maji hupita mbio, kingo huanguka, visima hukauka.

Na mabwawa ya kawaida?

Mto ukiingia kwenye maji yaliyotulia, mwendo huisha na mzigo hutua pale pale mlangoni. Bwawa la Nairobi, pembeni mwa Kibera, lilijengwa miaka ya 1950 na watu walikuwa wakicheza na mashua humo. Leo ni mashapo, taka na gugumaji. Ukilitazama kutoka mbali unaona uwanja wa kijani. Masinga, kwenye Mto Tana, lililokamilika 1981, ndilo hupokea kwanza tope la milima ya kati, na linajaa kwa kasi kuliko waliolijenga walivyotarajia. Bwawa halizeeki kwa ukuta wake kupasuka. Huzeeka kwa tumbo kujaa.

Udongo wa mashamba ya juu ya Nairobi unaishia wapi?

Malindi. Wengi hucheka wakidhani natania.

Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unashuka kupitia Ukambani, ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Unaingia baharini kaskazini kidogo mwa Malindi, na msimu wa mvua bahari pale huwa na rangi ya chai ya maziwa. Pepo za kaskazi zikivuma, maji hayo husukumwa kusini kuelekea mjini. Za kusi huyapeleka upande wa pili. Mchanga umerudishwa ufuoni na mawimbi miaka nenda miaka rudi, hata ghuba ya Malindi ikapata ufuo mpana kuliko waliouona mababu, na upepo ukajenga vilima vya mchanga upande wa Mambrui.

Tope laini husafiri zaidi na kufika kwenye matumbawe. Hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu. Tumbawe hukua tabaka kila mwaka, kama mti unavyoongeza pete, na huweka ndani yake chembe za vitu vilivyomo majini. Udongo wa mto huja na elementi iitwayo bariamu. Watafiti walichukua tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300, wakapima bariamu tabaka kwa tabaka, na matokeo yakachapishwa 2007. Tangu 1700 hadi karibu 1900 kiwango kilikaa karibu pale pale, ukiacha kupanda na kushuka kwa mvua. Kisha kikaanza kupanda, ongezeko la kwanza kubwa likionekana kati ya 1908 na 1920, na hakikurudi chini tena.

Linganisha tarehe hizo na historia yetu. Reli imepita, walowezi wamepewa nyanda za juu, misitu imekatwa, Waafrika wamebanwa kwenye maeneo madogo wakalima miteremko isiyofaa kulimwa, bila kupumzisha ardhi. Baadaye idadi ya watu ikaongezeka na miteremko zaidi ikafunguliwa. Yote hayo yameandikwa kwenye tumbawe, kilomita mamia kutoka shamba lilipolimwa. Nimewahi kuwauliza wanafunzi watafute kumbukumbu za ukoloni, wote wakakimbilia maktaba.

Je, mto ukitoweka, unaacha alama?

Wakati mwingine alama huwa kubwa kuliko mto. Ukienda Mombasa kwa barabara, ukifika Kibwezi hadi Mtito Andei tazama kushoto. Kuna mstari mrefu wa ardhi, kichwa kimenyooka kama meza. Ni uwanda wa juu wa Yatta, karibu kilomita 290. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba karibu miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka kutoka upande wa Bonde la Ufa ikafuata bonde la mto wa kale, ikalijaza na kuganda kuwa mwamba mgumu. Mito mipya ikapita pembeni na kula ardhi laini ya pande zote mbili. Lililokuwa bonde likabaki juu, waliokuwa majirani wakazama chini. Leo Athi unapita miguuni pake.

Mwanangu ana mradi wa sayansi kuhusu mashapo. Nimsaidieje bila kwenda mtoni?

Chukua chupa ya plastiki iliyo wazi, tia udongo wa shambani robo, changarawe kidogo, maji hadi karibu kujaa. Funika, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Changarawe na mchanga hutua ndani ya sekunde chache, tope laini huchukua dakika hadi saa, na maji ya juu yataendelea kuwa na ukungu kesho na pengine kesho kutwa. Huo ukungu ni udongo wa mfinyanzi.

Kisha mwulize swali gumu: kwa nini mfinyanzi, ambao ni mwepesi kuliko mchanga, ni mgumu zaidi kung'olewa ukishatua? Kwa sababu chembe zake hushikana. Msweden Filip Hjulström alilionyesha hilo kwa mchoro maarufu mwaka 1935: mchanga ndio huanza safari kwa urahisi zaidi, huku changarawe ikikataa kwa uzito na mfinyanzi kwa kunata. Lakini mfinyanzi ukishapanda garini, haushuki upesi.

Punje iliyoondoka Kikuyu leo itafika baharini lini?

Inategemea ni punje ya nini. Maji yakienda mita moja kwa sekunde, hukata kilomita 86 hivi kwa siku. Mfinyanzi ulioelea kwenye mafuriko makubwa unaweza kufika Sabaki baada ya siku kadhaa, ikiwa hautasambazwa kwenye nyanda za pembeni. Mchanga hausafiri hivyo. Unaruka hatua chache, unalala kwenye kona hadi mafuriko mengine, unafukiwa, unafukuliwa baada ya miongo au karne ukingo ukiliwa. Jumamosi iliyopita tulipita kona moja ya Mto Nairobi chini ya Dandora, na msichana wa darasa la saba akachukua ukoko mmoja wa mchanga ukingoni. Ndani yake kulikuwa na kizibo cha soda cha bati, cha aina ambayo sijaiona dukani tangu nikiwa kijana. Kilikuwa kimefukiwa na mafuriko ya miaka hiyo, na mvua za mwaka huu zilikuwa zimeanza kukifukua.